Usizime Darajani: Mwongozo wa Mwenye Altezza Kuukuu

Kanuni ya kwanza ya kumiliki Altezza kuukuu hapa Unguja ni fupi: usizime gari Darajani. Zima Mazizini, zima Fuoni, zima hata njia ya Tunguu, ambako atakayekusaidia ni mpita njia mmoja mwenye baskeli na haraka zake. Darajani usizime. Ukitaka ngisi, mshushe mtoto akanunue, nawe zunguka Michenzani mara tatu, mara nne, injini ikiwa hai, mpaka umwone amesimama ukingoni na mfuko. Petroli utakayoichoma kwa mizunguko hiyo ihesabu kuwa sadaka.

Mwongozo huu nawaandikia wale ambao hawatasikia. Nawajua. Nimekuwa mmoja wao kwa miaka.

Basi umezima. Ni Jumamosi, saa nne na nusu asubuhi, mwezi wa Februari, upepo wa kaskazi umelala na jua halina mchezo. Umeegesha ng'ambo ya soko, lile jengo la 1904, umenunua ngisi nusu kilo, ndimu kumi na fungu la mabilingani. Dakika kumi na mbili tu. Umerudi, umeutundika mfuko kwenye kioo cha ubavuni ili upate mkono wa kutafutia ufunguo, umeingia, umesema bismillahi, umezungusha. Ru-ru-ru-ru-ru. Stata inazunguka kwa raha zake, injini haishiki. Mara ya pili, ru-ru-ru-ru-ru. Mara ya tatu umepiga stata kwa hasira, kama kwamba gari lina aibu ya kuonewa.

Hapo ndipo wengi wanapokosea, kwa kushuka. Ukifungua boneti Darajani umefungua baraza.

Una sekunde arubaini hivi kabla washauri hawajafika, kwa hiyo mfahamu kwanza mgonjwa wako. Toyota walilitoa Altezza Oktoba 1998, likanyakua tuzo ya Gari la Mwaka la Japani ya msimu wa 1998 na 1999, na wakaacha kulitengeneza 2005. Maana yake hata lile la mwisho kabisa katika ukoo huu lina umri wa kijana aliyemaliza skuli na anayetafutiwa mchumba. RS200, ambalo kila muuzaji anaapa kuwa ndilo analokuuzia, hata linapokuwa na silinda sita za AS200 zinazojihesabu zenyewe mbele ya macho yako, lina injini ya 3S-GE ambayo Yamaha walitia mkono: lita mbili, silinda nne, mgandamizo wa 11.5 kwa 1 katika yale ya gia za mkono, nguvu farasi 210 kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika. Gia zake sita. Kisiwa chenyewe kina urefu wa kilomita 85 hivi, pamoja na matuta, ng'ombe, askari na harusi. Sijapata kumwona mtu hapa aliyetia gia ya sita akakaa nayo muda wa kumaliza wimbo mmoja wa taarab, ingawa nyimbo zenyewe, nakiri, ni ndefu.

Farasi hao 210 kazi yao ya kila siku ni kulifuata daladala la Amani kwa mwendo wa maiti, kuzima, kuwaka, kwenda mita mia tatu, kuzima tena. Injini ya namna hiyo haipati muda wa kuunguza masizi yake, na plagi zinavaa weusi kama sufuria ya shughuli. Na nyuma ya kifuniko cha tanki kuna kikaratasi cha Kijapani ambacho hakuna aliyekisoma tangu gari lishuke melini. Kinaomba petroli ya daraja la juu, ambayo kwa kanuni za Japani ni okteni 96 kwenda mbele. Wewe umelitia ya elfu kumi.

Wamefika.

Wa kwanza ni kijana anayeuza chaja za simu. "Kaka, hiyo pampu." Hajaligusa gari wala hajauliza limefanya nini. Wa pili ni mchukuzi, ambaye kwanza ameuegesha mkokoteni wake nyuma yako barabara, kiasi kwamba hata likiwaka huna pa kutokea, ndipo aseme, "Betri." Wa tatu anataja nozeli. Wa nne anataja jicho, kwa maana ya hasidi, na kwa kweli huyo peke yake ndiye asiyekutia gharama. Ukiwasikiliza kwa makini utagundua kila mmoja anakutajia ugonjwa uliomuua mgonjwa wake. Kijana wa chaja kaka yake aliharibikiwa pampu mwaka juzi. Mchukuzi aliwahi kuwa utingo wa gari ambalo kila asubuhi lilikuwa likisukumwa. Wanakupa maisha yao, na hilo ni jambo la kuwashukuru, lakini usinunue spea kwa maisha ya watu.

Halafu watu wanapisha, na anaingia mzee. Kofia ya viua, kanzu iliyopigwa pasi, miwani iliyofungwa uzi. Huyu aliendesha Bedford la mbao kabla wewe hujazaliwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mswalie Mtume kwanza, jasho linakutoka." Anainama, anatazama injini kama anayetazama mtoto wa jirani. "Kabureta hiyo. Ifungue, ipulize."

"Mzee, gari hili halina kabureta."

Anakutazama. "Halina kabureta?"

"Halina, mzee. Linatumia nozeli, na kuna kontroli boksi inayopiga hesabu."

"Basi ndiyo maana haliwaki."

Usicheke. Imani ya kabureta katika mji huu ina historia yake, na historia hiyo si ya magari. Umeme unaotoka bara kwa waya wa chini ya bahari ulikatika Mei 2008 tukakaa kizani karibu mwezi mzima. Ukakatika tena Desemba 2009, na safari hiyo tukakaa miezi mitatu hivi, hadi Machi 2010. Kila aliyejiweza alinunua kijenereta, na kila aliyenunua kijenereta alijifunza kwa nguvu kwamba kikigoma dawa yake ni kufungua kabureta, kutoa taka, kupuliza tundu na kurudisha. Mji mzima ulihitimu katika chuo hicho. Ndiyo maana mpaka leo mshona nguo, imamu na mkaanga mihogo wa Unguja wote wanajua kusafisha kabureta, na ndiyo maana ukiwaletea injini ya sindano za mafuta wanakuwa kama madaktari wa meno waliopelekewa kuku.

Sasa sikiliza, maana gari linasema, ila linasema mara moja na kwa sauti ndogo, na Darajani ni mahali pa sauti kubwa. Likinyamaza kabisa unapozungusha ufunguo, hata taa za dashibodi zikafifia, mashaka yako yaanzie kwenye betri na nyaya zake. Likisema tak-tak-tak-tak kama cherehani, umeme upo lakini hauna ubavu. Likisema tak moja nzito halafu basi, shuku stata yenyewe. Na likizunguka vizuri, ru-ru-ru, bila kushika, mwache mwenye betri yake aende zake kwa amani: tatizo ni cheche au mafuta, au mtu alikwishawahi kuchezea nyaya.

Hiyo tak-tak-tak naijua kwa bei. Miaka kadhaa nyuma gari langu lilianza mchezo huo, na fundi wa kwanza, ambaye duka lake silitaji kwa sababu bado tunasalimiana, akaniuzia betri mpya. Likawaka siku tisa. Fundi wa pili akaniuzia stata mtumba iliyokuja kwa kontena, nayo ikafanya kazi kwa ari mpya muda wa wiki mbili. Nilikuwa njiani kununua altaneta, pesa mfukoni, nilipomkuta fundi umeme mmoja wa uani, kijana mkimya kupita kiasi, akachukua mita yake ya bei rahisi, akagusa waya mmoja kichwa cha hasi cha betri na mwingine chuma cha injini, akaniambia nipige stata. Mita ikasoma karibu volti mbili. Nikamuuliza maana yake nini. Akasema, "Hapa pangesoma karibu na sifuri." Akalala chini ya gari akatoka na waya wa athi ambao kwa nje ulikuwa mweusi mzuri, na ndani, alipouchana kwa kisu, ulikuwa kijani kama mchicha.

Chumvi hiyo. Gari la Japani lililozaliwa kwa ajili ya Nagoya linakuja kuishi mahali ambapo hewa yenyewe ni ya bahari, na kila panapoungana chuma na shaba panaota kutu ya kijani au unga mweupe. Mafundi wa bara wanaohamia huku hilo huwachukua muda kulijua. Muda wote huo nilikuwa nikilaumu vitu vikubwa, na mwenye kosa alikuwa waya wa urefu wa mkono mmoja.

Kwa hiyo ukisikia tak-tak, usinunue kitu. Pima betri: gari likiwa limelala, betri iliyoshiba inasoma volti 12.6 hivi, ukipiga stata isishuke chini ya 9.6. Kama betri ni nzima na stata inalegea, tafuta athi. Na kama vichwa vya betri vimeota ule unga mweupe wenye kuwasha ngozi, hapo ndipo Darajani inapokuwa rehema, maana dawa yake inauzwa hatua ishirini kutoka uliposimama, katika maduka ya viungo, baina ya hiliki na mdalasini: magadi. Magadi yaleyale ya kulainishia maharage. Toa waya wa betri, wa hasi kwanza, koroga magadi katika maji ya moto, mwagia, unga utachemka na kufa, sugua kwa mswaki wa zamani, suuza, kausha, paka grisi nyembamba, rudisha. Bei yake haifiki ya kikombe cha kahawa na kashata. Mwenye duka la viungo atakuuliza unapika nini. Mwambie ukweli uone uso wake.

Kusukuma nako kutapendekezwa. Kutapendekezwa na watu wanane, wote wakiwa tayari wamekwishavua viatu. Kabla hujakubali, hakikisha mambo mawili. Moja, kama lako ni la gia za kujiendesha, halishtuliwi kwa kusukumwa, na hao vijana wanane watakufikisha Mlandege wakiwa na bidii ileile na wewe ukiwa na gari lilelile. Pili, tazama chini. Darajani hapana mteremko. Daraja lililopapa jina lilikuwa juu ya mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, na mkono huo ulifukiwa katika karne iliyopita. Unaposukuma gari hapo unasukuma juu ya bahari iliyojazwa kifusi, na bahari ni tambarare hata ikifukiwa.

Turudi kwa mgonjwa wa leo, anayezunguka bila kushika. Kabla ya yote jiulize nani alikuwa na gari hili kabla yako. Magari haya yalipofika yalitiwa alamu, na aliyetia alamu alikata waya wa pampu au wa cheche akaupitisha kwenye kisanduku chake. Wengine hawakuridhika na alamu wakaweka swichi ya siri: chini ya kibao cha majivu, nyuma ya redio, mmoja aliiweka ndani ya mto wa kiti cha dereva, na akikaa mtu mnene gari linazima. Swichi hizo zinauzwa pamoja na gari bila ya kutajwa, kama deni la marehemu. Papasa.

Ikiwa hapana siri, isikilize pampu. Iko ndani ya tanki, chini ya kiti cha nyuma, na ikiwa hai inatoa mvumo mdogo kama nyuki ndani ya chupa. Watakwambia fungua ufunguo bila kupiga stata, utaisikia sekunde mbili. Kwa magari mengi ni kweli. Kwa Toyota nyingi za zamani si kweli: kontroli boksi haiiruhusu pampu mpaka injini ianze kuzunguka, na watu wametoa pampu nzima wakazitupa kwa sababu hazikuvuma kabla ya wakati wake. Basi mtu mmoja apige stata, mwingine aweke sikio kwenye mdomo wa tanki. Mchague mwenye sikio kwa uangalifu. Niliyemchagua mimi aliinama kwa moyo mkunjufu na sigara mdomoni, na sijapata kuona umati wa Darajani ukitawanyika kwa kasi ile isipokuwa mvua ya masika inaposhuka ghafla.

Hukusikia kitu? Bado usinunue pampu. Katika kisanduku cha fyuzi mna rilei kadhaa za sura moja, na mara nyingi ile ya mafuta ina pacha wake anayefanya kazi nyingine, kwa mfano honi. Wabadilishe viti. Likiwaka, umejua mgonjwa ni nani, ila sasa utaendesha bila honi mpaka upate rilei nyingine, na kutoka Darajani bila honi ni safari ya mtu aliyekwishaandika wasia.

Pampu zenyewe, tukisema haki, tunaziua sisi. Pampu inapozwa na petroli inayoizunguka. Sisi tunaweka ya elfu kumi, sindano ikigusa nyekundu tunaongeza ya elfu kumi nyingine, na pampu inaishi maisha yake yote ikiwa kama samaki wa bwawa la kiangazi, ikinyonya joto na masimbi ya chini ya tanki. Robo tanki iwe ndiyo sifuri yako. Nasema hivi nikijua kuwa nami naweka ya elfu kumi.

Na sasa swali ambalo daktari angeanza nalo na sisi tunalifikia mwisho: jana lilikula nini?

Jana, ikiwa kumbukumbu yako imerudi, kulikuwa na foleni vituoni. Bei za mafuta hapa hutangazwa kila mwezi na mamlaka ya ZURA, na minong'ono ikizagaa kwamba zitapanda, au meli ikichelewa, foleni inafika ambapo mkia wake haujui kichwa kinasubiri nini. Shemeji yako akakuhurumia. Ana rafiki Malindi, mvuvi. Akaja na kidumu cha lita tano, na wewe ukamimina ukamshukuru.

Mashine nyingi za boti za wavuvi zinakunywa petroli iliyochanganywa na oili. Ndivyo zinavyopata kulainika, maana hazina oili yao pembeni. Mchanganyiko wenye adabu ni sehemu 50 za petroli kwa moja ya oili, lakini mvuvi anayetoka alfajiri anapima kwa kifuniko na kwa moyo, na moyo wa mvuvi ni mkubwa. Boti linaenda. Altezza lenye mgandamizo wa 11.5 na plagi zilizokwisha kuwa nyeusi linajaribu, kwa heshima ya shemeji, linafika Darajani, linazimwa likiwa la moto, na linasema basi.

Kidumu kina maradhi mengine pia. Kama jana kilibeba maji, leo kimebeba maji. Chota kidogo katika chupa nyeupe ya kioo, iache itulie: petroli ni nyepesi, itakaa juu, na maji yatajitenga chini kama mstari uliopigwa rula. Ukishuku mafuta ya taa, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe kivulini. Petroli safi hupaa isiache kitu, mafuta ya taa huacha doa la ukungu lenye harufu. Bara uchakachuaji huo ulisumbua mpaka mwaka 2010 mamlaka ya huko, EWURA, wakaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili yajulikane. Oili ya mvuvi nayo huacha doa, ila doa lake lina rangi, na harufu yake ni ya pwani saa kumi na moja alfajiri.

Hakimu wa kesi hii ni plagi. Toa kifuniko, fungua bolti za koili kwa spana ya namba kumi, vuta koili taratibu (plastiki ya miaka ishirini na zaidi inavunjika kwa kutazamwa), fungua plagi, itazame. Plagi kavu, mafuta hayafiki: rudi kwenye pampu, chujio, rilei. Plagi mbichi inayonuka petroli, mafuta yanafika na cheche haipo au imezamishwa: tazama koili, tazama masizi. Swali hilo moja, kavu au mbichi, linafuta nusu ya yote uliyoambiwa tangu saa nne na nusu, na ndiyo maana hakuna atakayekushauri uliulize. Linamaliza mazungumzo.

Kuna atakayetaka kumwagia petroli kooni mwa injini "ili aishtue." Huyo mshike mkono kwa upole, mwite kaka, mtume akanunue kahawa. Injini ikirudisha moto wakati koo liko wazi, mtaungua wote pamoja na kijana wa chaja.

Kama ungekuwa na mmoja wa wakubwa wa ukoo huu, Mark II au Chaser wa miaka ya 1990, ungefungua kile kisanduku cheusi chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSIS, ukaunganisha tundu la TE1 na la E1, ukafungua ufunguo bila kuwasha, na taa ya injini ingekuhesabia ugonjwa wake kwa kukonyeza: moja kisha tatu ni kumi na tatu, haioni mzunguko wa injini, moja kisha nne, cheche. Waya wa kuunganishia si lazima. Dada mmoja aliyekuwa akipita na kapu alinisikiliza nikilalamika sina waya, akachomoa chupio kichwani, akanipa, akasubiri nimrudishie. Katika umati wote ule ndiye peke yake aliyekuja na kifaa.

Plagi zako ni mbichi. Zote nne, nyeusi, zinang'aa kwa oili, na stata ulizopiga kwa hasira zimezidi kuzizamisha. Zifute kwa kitambaa. Zisugue kwa mswaki wa waya. Katika matundu na kwenye uzi wa plagi pamebaki mafuta, na huna mashine ya upepo, kwa hiyo unafanya ambalo kila mtu angefanya: unaileta plagi mdomoni na unapuliza.

Kimya kinapita. Mzee anavua miwani.

"Si nilikwambia?" anasema, si kwako, kwa hadhara. "Nilimwambia ipulize."

Rudisha kila kitu mahali pake. Sasa kanyaga pedali ya mafuta mpaka chini, iache hapo hapo, halafu piga stata. Inaonekana wazimu, lakini kontroli boksi ikiona mguu wako umefika sakafuni wakati stata inazunguka, inafunga nozeli, na injini inapata hewa tupu ya kukausha koo. Ru-ru-ru-ru. Ru-ru. Inakohoa. Inashika silinda moja, mbili, mguu unaachia taratibu, tatu, nne, na kutoka nyuma unatoka moshi wa buluu unaofunika mkokoteni, mabilingani, na sehemu ya barabara ya Benjamin Mkapa. Watu wanapiga makofi. Kijana wa chaja anamwambia mwenzake kwamba ni pampu, imepata joto sasa. Yule wa jicho anasema alisoma dua kimyakimya tangu mwanzo, na mimi sina mita ya kulipimia hilo.

Unageuka kuuchukua mfuko wako kwenye kioo. Mfuko upo, umechanwa chini kwa ustadi, ndimu kumi na mabilingani yote kamili. Paka wa Darajani hali bilingani.

Haidhuru, lipo moja la haraka zaidi. Mkokoteni bado uko nyuma yako na mwenyewe hayupo. Unauliza. Kumeadhiniwa, ameingia msikitini, adhuhuri hii, na baada ya hapo huenda ana mzigo wa mtu Vikokotoni. Watu wanajaribu kuusogeza. Ameufunga gurudumu kwa mnyororo, maana huu mji, wanakwambia, una wezi. Injini inanguruma polepole, moshi unapungua rangi, sindano ya mafuta iko juu ya nyekundu kwa upana wa ukucha, na ndani ya tanki humo kilichobaki karibu chote ni cha mvuvi.

"Zima kwanza, mwanangu," mzee anasema, akikuonea huruma ya kweli, "upumzike, unywe kahawa."